Kutoka Puare Mpaka Kijiko: Miaka Yangu ya Matumbo ya Watoto

Ninyi mareko wapya, ninyi mutakaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya afya, mumeniomba niandike, sababu mumesikia nimerudisha mufuko wangu ku kituo cha afya. Ni kweli. Mimi Amisi nimeshuka. Hakuna mutu aliyenifukuza, na sijazeeka, nywele zangu mumeziona. Ni goti la kushoto ndilo limekataa vilima vya huku Kabambare, na reko asiyepanda kilima ni kama jogoo asiyewika: munamulisha bure.

Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primere. Kuandika nimejifunza ukubwani, juu ya mafishi ya wagonjwa ya kituo, karatasi ikiwa juu ya paja na paja likiwa juu ya baisikeli. Mukikuta herufi imeinama, mujue ilikuwa inapanda. Wenye diploma walikuja, wakakaa miezi sita, wakarudi Kasongo kusema barabara ni mbaya. Mimi nilibaki. Watu wanasema najisifu. Sijisifu, nasema yaliyokuwa. Kama yalikuwa makubwa, si kosa langu.

Mambo ya vyeo na ya pesa za primu siandiki. Naandika mambo ya mavi. Musicheke. Reko anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza afya ya watoto akiona haya ya neno hili, atauliza habari ya mbuzi na kwenda zake. Ataacha mutoto ndani.

Nilianza ku njia. Nilikuwa na baisikeli moja, niliyoipata kwa mupunga niliolima mwenyewe, si wa baba. Nilipakia mizigo ku soko la Kasongo: sindano, viberiti, sabuni, mafuta ya kujipakaa, na puare. Wenye kuzaliwa juzi wataniuliza puare ni nini. Ni ule mupira mwekundu wenye umbo la avoka na mudomo mwembamba, wa kumupigia mutoto lavema, ni kusema kumuingizia maji ya dawa kwa nyuma. Mu nyumba za kwetu ilitundikwa ku musumari karibu na mwiko. Ndani yake walitia maji ya vuguvugu, majani ya kuponda, tangawizi, na wengine, Mungu awasamehe, pilipili.

Mutoto amefunga choo: puare. Mutoto iko na homa: puare. Mutoto analia na hakuna anayejua sababu: puare. Mutoto iko muzima kabisa, anacheza, lakini siku ya posho, ni kusema Jumamosi, imefika: puare. Wakristo wengi walipiga siku ile ya posho, ili kesho yake mutoto aingie kanisani akiwa safi inje na ndani. Waislamu wengi walipiga Alhamisi. Mimi nilijua jambo hili kuliko padri na kuliko imamu, na nikapanga njia yangu vile: Jumatano niko ku vijiji vya waislamu, Ijumaa niko kwa wakristo.

Kuuza nilijua. Nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikajaza puare maji, nikachagua jani moja ku ukuta wa mbali, nikafinya. Maji yalipita juu ya vichwa vya watu na kupiga jani lile katikati. Sikukosa hata mara moja. Halafu nilisema: "Uchafu wa tumbo ni kama mugeni mubaya. Ukimungoja aondoke mwenyewe, atakula mpaka mbegu. Musukume." Akina mama walicheka na kununua. Ku Lusangi watoto walipata kuijua kengele ya baisikeli yangu, na wakiisikia walikimbilia mu muhogo. Mimi nilifurahi. Nilifikiri ni heshima.

Mama mupya akiogopa kupiga, nilimupigia mimi mwenyewe, mbele ya watu, bure, kama onyesho. Nilikuwa nasema hakuna tumbo la mutoto lililonishinda kutoka Kasongo mpaka muto Luama. Hivyo ndivyo nilivyosema wakati ule.

Siku moja niko juu ya kinu ku soko moja la katikati ya njia, kule kituo cha afya kilipo, nikaona mama mumoja mufupi, viatu vya plastiki vya buluu, amesimama nyuma ya watu. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kama mutu anayesikiliza misa. Watu walipotawanyika akaniambia ninauza vizuri sana, na kesho asubuhi nifike ku kituo. Nikajua ni muganga wa kituo, Ma Veronika, niliyekuwa nasikia jina lake. Nikafikiri anataka puare nyingi za kituo. Nililala nikihesabu.

Asubuhi nikafika, shati limepigwa pasi ya makaa. Kulikuwa na vitanda vitatu na watoto sita. Hakuniuliza habari ya puare. Alinikalisha pembeni ya mama mumoja aliyechoka, akanipa kikombe cha maji yaliyochanganywa na poda ya dawa ya kuhara, ile yenye chumvi na sukari, na kijiko cha chai. Akasema: "Leo usiongee. Mukono tu."

Kijiko kimoja, kungoja, kijiko kimoja. Alinifundisha kungoja muda wa kusema polepole, mu moyo, vijiji vyote vya njia kutoka Kasongo mpaka Nyangwe, halafu kijiko kingine. Mutoto akitapika, unakwenda Nyangwe na kurudi mara kadhaa, halafu unaanza tena, polepole zaidi. Mimi niliyebeba magunia mawili ya mupunga ku mabega bila kupumzika, nilichoshwa na kijiko cha chai. Wakati naanza, mutoto yule hakuweza kushika shingo yake. Macho yalikuwa yameingia ndani kama ya muzee. Saa tisa ya muchana alikamata kikombe kwa mikono miwili na kukasirika kwa sababu ninakwenda polepole.

Hapo ndipo Ma Veronika alikuja akamuuliza mama yake, nikiwa pale, kule nyumbani walimufanyia nini kwanza. Mama akajibu: lavema mbili. Kwa puare gani? Yule mama akageuza kichwa. Akaniangalia mimi.

Ma Veronika hakupandisha sauti. Sijawahi kumusikia akiipandisha, hata siku mbuzi ilipokula rejista. Akasema: "Mutoto anayehara, maji yanamutoka kwa nyuma. Na wewe unazunguka na kitu cha kuyafanya yatoke zaidi." Nikaanza kujitetea. Akaendelea kukunja nguo. Kisha akasema: "Mutu anayeuza kitu kibaya vizuri vile, siku akiuza kizuri itakuwaje?"

Hakuna shule iliyonipa swali kama lile. Nilikuwa nimebaki na puare kumi na moja mu mukeka. Nilimuachia zote. Alizikata kwa makasi, na midomo yake ikawa ya kujazia mafuta mu taa za kituo. Kitu chote alikipatia kazi, na mimi pia.

Nikawa reko. Sasa sikilizeni niliyojifunza, sababu ku semineri za mafunzo watawapa karatasi nzuri yenye picha, lakini karatasi haina pua.

Kwanza, mujifunze kusoma mavi kama wengine wanavyosoma barua. Mavi ya maji mengi kama maji ya kuoshea muchele: musikae, anza kunywesha na itisha moto, ni kusema pikipiki. Yenye damu: kituo, leo, si kesho. Makavu, vipande vipande kama ya mbuzi: mutoto huyu anakula bugali kavu na hanywi. Uliza anakunywa maji mara ngapi, na watakujibu "anakunywa", usikubali, omba kuona kikombe. Mupe papai, muchicha wa lenga-lenga, maharagi, mawese kidogo ku sombe ya majani ya muhogo, na maji yaliyochemka yakapoa. Mavi yenye minyoo hayahitaji mwalimu.

Pili, mutoto wa titi. Mama atakuja analia: siku tano kachanga hakajapata choo. Mushike tumbo. Kama ni laini, ananyonya vizuri, anaongezeka, hatapiki, na siku choo kinapotoka ni kama uji, mwambie arudi nyumbani amupikie bwana wake. Maziwa ya mama yanaisha yote ndani ya mutoto, wakati mwingine hakubaki cha kutupa. Ni watoto hawa wazima ndio tuliwatesa zaidi na puare. Lakini tumbo likiwa gumu kama ngoma, au mutoto anatapika maji ya rangi ya majani mabichi, usijifanye muganga. Kimbia.

Tatu, chupa. Nilikuwa sijamaliza mwaka mu kazi, nikaona watoto wanapewa poda na bado wanalia kiu, midomo imekauka. Poda ni ileile, maji ni yaleyale. Wenye diploma wakasema akina mama hawasikii. Mimi nilikaa mu jiko moja kutwa nzima nikitazama tu, na nikaona: karatasi inasema lita moja, na kwetu kipimo cha kila nyumba ni chupa kubwa ya bia. Chupa ile haifiki lita. Maji yalikuwa yanatoka makali, yenye chumvi nyingi. Nilichukua chupa za plastiki za maji, zile za lita na nusu, nikapima lita mu kituo, nikachoma alama kwa musumari wa moto. Nilichoma alama mu kila nyumba yenye mutoto, vijiji kumi na vinne, na vidole vyangu bado viko na makovu. Daktari mumoja aliyepita na gari akauliza nani alibuni. Nikasema ni mimi. Aliandika mu kaye yake, ile daftari ya mufukoni. Kama ku nchi nyingine wanachoma alama ku chupa, mujue ilitoka wapi.

Kuna jambo moja lilinishinda mimi lakini halikumushinda Ma Veronika. Musichana wa miaka minane, mwanafunzi, baba yake fundi wa mbao. Walisema anahara miezi mingi: kila siku nguo yake ya ndani imechafuka, wenzake wanamukimbia mu darasa. Nilimupa poda, nilimupa vidonge vya zenki, nilichemsha maji mwenyewe. Bure. Nikamupeleka ku kituo. Ma Veronika akamulaza, akashika tumbo lake upande wa kushoto chini, akachukua mukono wangu akauweka pale. Chini ya kidole changu kulikuwa kitu kigumu kama muhogo mukavu. Akaniambia mutoto huyu hahari. Amefunga. Mavi ya zamani yamekaa kama jiwe mu njia, na ya maji yanapenya pembeni. Miezi yote nilikuwa natibu kinyume.

Alimupa dawa ya kulainisha, na mimi akanituma nikatafute jiwe lilitoka wapi. Lilitoka ku shule. Choo cha shule kilikuwa na ubao mumoja wa kukanyaga, unaotikisika, na hakuna mulango; wavulana walikuwa wanapita wakirusha mabua. Musichana aliamua mu roho yake kwamba hatakwenda pale tena, akabana, akabana, mpaka tumbo likasahau kazi yake. Nilizungumza na diregteri, mukubwa wa shule, akaniambia mambo ya bajeti. Baba ya musichana na mimi tukachukua musumeno, siku moja tukaweka mbao nne na mulango wa matete wenye ndoano ndani. Nyumbani nikawaambia: kila asubuhi kisha ya kula, achuchumae bila mutu kumukimbiza, hata kama hakuna kinachotoka, na asipigwe. Ilichukua karibu mwaka. Leo ana watoto wake, na akiniona anajifunika uso kwa kikwembe, kile kitenge chake, anacheka, na mimi sisemi kitu mbele ya watu. Siri ya tumbo la mutu ni yake.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Nakumbuka asubuhi za umande, mufuko mugongoni, redio ndogo ku baisikeli, chupa zenye alama zikigongana. Nakumbuka Ma Veronika na chai yake ya muchaichai, akinisahihisha fishi kwa kalamu ya bic nyekundu, na kuniambia: "Amisi, hapa umeandika mutoto amekula kituo. Ni kijiko au ni kituo?" Amepumzika kazi sasa, amerudi kwao upande wa Nyangwe, anafuga kuku. Lakini kesi ninayotaka muijue zaidi ya zote sijaifikia, na nimezunguka sababu si nyepesi.

Ilikuwa kiangazi, nimefanya mwaka wa tisa mu kazi. Nilikuwa mu kijiji kimoja, saa nzima kwa pikipiki kutoka kituo, nachoma alama za chupa, akaja mama kijana anakimbia, anaitwa Sifa. Bwana wake alikuwa ku machimbo upande wa Lusangi. Mutoto wao, Faila, miezi kumi, alikuwa anahara siku ya pili. Nikafuata.

Mutoto alikuwa amelazwa juu ya mukeka, ku kivuli cha ukuta. Analia bila machozi. Nilivuta ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Nikauliza amekojoa lini. Sifa akasema tangu asubuhi hapana, na mutoto asiyekojoa ni kusema maji yamemuisha mwilini. Na pale ku mafiga, mama-mukwe wake, bibi ya Faila, Koko Mwamini, alikuwa anapasha maji ya majani. Pembeni yake puare nyekundu. Alikuwa amekwisha kupiga mbili. Anatayarisha ya tatu.

Nikamwambia: "Koko, weka hiyo chini kwanza. Mutoto maji yanamuisha."

"Ni maji mabaya yanatoka," akasema, hata hakugeuka. "Yakiisha mabaya, atapona."

Nikaanza yale ya karatasi. Nikatoa picha. Nikamuonesha shati langu lenye maandishi. Nikamwambia wakubwa wa afya wamekataza. Majirani walikuwa wamekusanyika, na yeye akangoja wakae vizuri ndipo akageuka.

"Amisi. Huu mupira nilipata ku mukono wa nani?"

Watu wakaanza kucheka.

"Ulisimama juu ya kinu changu," akasema. "Kinu changu mimi, hiki hapa. Ukasema uchafu ni mugeni mubaya, musukume. Nilisukuma watoto wanne na wajukuu saba. Leo unakuja kusema acha. Shati umevaa lingine, mudomo ni uleule."

Walicheka sana, na nilistahili. Sifa hakucheka. Alikuwa ananiangalia tu. Bwana yake hayuko. Bila neno la mama-mukwe hawezi kumutoa mutoto mu lupango, inje ya ua. Alikuwa ameniita mimi sababu mimi najua kuongea, na maneno yangu yalikuwa yameisha. Maji ya Koko yalikuwa yanaanza kutoa moshi.

Nilikaa chini, mu vumbi, na shati lile. Nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mutu, hata Ma Veronika.

"Koko, upande wa Luama kulikuwa mutoto mumoja, mwanaume, mukubwa kama huyu. Alikuwa anahara. Mama yake aliogopa, nikamupigia mimi mwenyewe, mara mbili, mbele ya watu. Walinisifu. Nilirudi kisha ya majuma mawili. Mama yule alitoka, akaangalia baisikeli yangu, akaingia ndani. Jirani ndiye aliniambia wamemuzika mutoto. Miaka yote hii nasema ilikuwa homa. Haikuwa homa. Ile niliyokuambia juu ya kinu ilikuwa uongo, na mimi mwenyewe sikujua kama ni uongo. Nilikosa."

Hakuna aliyecheka. Koko Mwamini aliniangalia, na sikuona huruma mu macho yake, na sikuitafuta.

"Jina lake?" akauliza.

"Nani?"

"Yule mutoto."

"Sikuuliza."

"Sikuuliza," akarudilia. "Na huyu?"

"Faila."

"Faila wa nani?"

"Faila wa Sifa. Mujukuu wa Mwamini."

Akaondoa sufuria ku moto. Akamwaga maji ya majani ku mizizi ya ndizi, polepole, mpaka tone la mwisho. Akasema: "Leta hicho kijiko chako."

Nilichanganya poda mu chupa yenye alama. Akaonja kwanza yeye mwenyewe. Akasema iko na ladha ya machozi, na kama ni sumu tutakufa wawili. Akamuchukua mutoto ku mapaja. Kijiko cha kwanza kikaingia, cha pili, cha tatu kikarudi chote na matapishi. Akaniangalia. Nikamwambia tungoje. Nikasema vijiji vya njia ya Nyangwe kwa sauti, mbele ya watu wote, mara nyingi, kama mutu anayesali, halafu akaanza tena. Sifa akatoa titi katikati ya vijiko, mutoto akalikamata kidogo, akaliacha, akalikamata tena.

Kunyonya pale hakukutosha. Mutoto alikuwa anahitaji macho ya Ma Veronika. Moto ilipatikana, mwenye moto ni mutoto wa ndugu yao. Alibeba Sifa na Koko nyuma yake, mutoto katikati yao, na chupa imefungwa ku kifua cha Koko. Walikubaliana kila daraja na kila shimo kubwa moto isimame, na mutoto apate kijiko. Kwa mara ya kwanza tangu niijue barabara ile, nilishukuru kwa mashimo yake.

Mimi nilifuata kwa baisikeli. Sikuwahi kukanyaga vile, hata siku nilipokuwa kijana, na mujue kijana yule alikuwa na miguu. Vumbi lao lilipotea mbele yangu mapema. Ku kila kilima niliona mama wa Luama akiangalia baisikeli yangu na kuingia ndani. Nilisema mu roho, kama mutoto huyu ataondoka, basi nimewaambia ukweli wangu kwa bei ya mujukuu wao, na sitapita tena mu kijiji kile, wala mu kijiji chochote.

Nilipofika ku kituo jua lilikuwa limeanza kuinama. Moto imeegeshwa, mwenyewe anajipanguza vumbi. Niliogopa kumuuliza. Nikapita mulango. Ma Veronika alikuwa anatayarisha seromu, yale maji ya mushipa, amepiga magoti mbele ya benchi. Sifa amesimama ku ukuta, mikono ku kinywa. Koko Mwamini amekaa wima, Faila ku mapaja, kijiko bado mu mukono. Mutoto hakulia. Nilisimama pale, sikuweza kuvuka chumba.

Koko akaniona. Hakutabasamu.

"Amisi," akasema. "Nimelowa."

Sikuelewa. Nikamuuliza Sifa kama moto iliwaangusha mu muto. Sifa akatikisa kichwa, na hapo ndipo alianza kulia. Ma Veronika akapeleka mukono ku kikwembe cha mama muzee, akashika pale palipolowa, akanusa vidole vyake: mukojo. Akavuta tena ngozi ya tumbo la mutoto. Kisha akatundika seromu ku musumari bila kuifungua, akamwambia Koko aendelee na kijiko, asiharakishe.

Walitaka kumupa Koko kikwembe kingine, kikavu. Alikataa. Alikaa nacho mpaka magaribi, na kila mutu aliyeingia ku kituo, mugonjwa na muzima, alimuonesha pale palipolowa.